GenBank na wenzake: tathmini ya zana za bure za kufuatilia mageuko ya chavua katika ukoo wa stafeli na langilangi

Zana ninazozitathmini hapa ni nne, na zote hutolewa bila malipo. Ya kwanza ni GenBank, hifadhidata ya mifuatano ya DNA inayotunzwa Marekani. Ya pili ni MAFFT, inayoipanga mifuatano hiyo sambamba. Ya tatu ni IQ-TREE, inayojenga mti wa nasaba. Na ya nne ni phytools, inayousoma mti huo na kukadiria sifa za mababu ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Nimezitumia pamoja kwa ajili ya swali moja tu, ambalo humjia kila aliyewahi kuweka chavua ya mstafeli chini ya hadubini: imekuwaje chembe zake zikatoka nne nne zimeshikana, ilhali za mlangilangi, ambao ni jamaa yake, hutoka moja moja? Kwa hiyo nisomwe kama mtu wa mimea anayefundisha hapa Unguja, si kama mtaalamu wa kompyuta. Na vigezo vyangu ni vya mtu mwenye kompyuta mpakato ya kawaida, bando la intaneti linalokwisha, na umeme unaokatika.

Familia yenyewe, inayoitwa Annonaceae, inafaa sana kwa zoezi la aina hii, na inatufaa zaidi sisi watu wa visiwani. Ina spishi zinazokaribia 2,400 katika jenasi zaidi ya 100, nyingi zikiwa za ukanda wa joto, na chavua zake zinatofautiana kuliko za familia nyingi: kuna za chembe moja moja, kuna za nne nne, na kuna za vikundi vikubwa zaidi ya hapo. Uainishaji uliotolewa 2012 kwa kutegemea DNA uliigawa katika familia ndogo nne, na tatu kati ya hizo mtu anaweza kuzikuta kwa mwendo wa miguu katika mtaa mmoja wa Unguja. Mlangilangi, ambao maua yake hutiwa kwenye vikuba na mafuta yake husafiri hadi kwa watengeneza manukato, upo katika Ambavioideae. Mstafeli na mtopetope wamo katika Annonoideae. Mwashoki, ule mti mrefu mwembamba wa majani yanayoning'inia, ambao wengi hupanda kando ya kuta bila kujua kuwa ni jamaa wa stafeli, umo katika Malmeoideae. Inayokosekana ni Anaxagorea peke yake, tawi lililojitenga na wenzake mapema kuliko yote, ambalo linaishi Asia na Amerika ya joto na halipatikani Afrika. Huenda wapo watakaouliza kwa nini sikuchagua mkarafuu, mti wetu wa heshima. Jibu ni kwamba chavua za familia ya mkarafuu kwa sehemu kubwa ni vipembetatu vidogo vinavyofanana mno, na asiyekuwa na hadubini ya elektroni hatafika mbali nazo.

Nianze na GenBank, kwa kuwa bila ya hiyo mengine yote hayana la kufanya. Ilianzishwa 1982, na hubadilishana rekodi kila siku na hifadhi mbili wenza, moja ya Ulaya na nyingine ya Japani, kiasi kwamba anayetafuta katika moja amezitafuta zote tatu. Haidai ada, haidai barua ya chuo, na kutafuta hakuhitaji hata kufungua akaunti. Unaandika jina la kisayansi la mmea na jina la jeni, kisha unapata mfuatano wa herufi A, C, G na T ambao kuupata maabara kungegharimu kemikali, mashine na muda ambao skuli zetu nyingi hazina. Jambo ambalo sijaona likitajwa na wanaoisifu ni wepesi wa mafaili yake. Jeni ya rbcL, iliyomo katika kloroplasti na inayotumika sana kulinganisha mimea, ina herufi zipatazo 1,400. Ukizichukua za spishi 60, umepakua takriban kilobaiti 84, yaani pungufu ya picha moja ya simu. Ukiongeza matK na trnL-F, vipande vingine vya DNA ya kloroplasti, bado hujafika mahali pa kuhofia bando. Kwa hesabu hii, mwanafunzi wa Micheweni anaweza kuwa na malighafi ileile aliyonayo mwanafunzi wa Utrecht.

Malighafi ileile, lakini si miti ileile, na hapa ndipo sifa zangu zinapoanza kupungua. GenBank si kituo cha karafuu ambako kila gunia hupimwa unyevu na kupangiwa daraja kabla ya kupokewa. Wahudumu wake hukagua umbo la rekodi na makosa ya kiufundi, lakini hawana njia ya kujua kama jani lililotoa DNA lilikuwa la mti ulioandikwa, na aliyeiwasilisha rekodi ndiye mwenye mamlaka ya kuirekebisha. Kinga pekee ni sehemu ya rekodi inayotaja kielelezo, yaani namba ya tawi lililokaushwa na jina la hifadhi linakotunzwa, ili mwenye shaka aende akalitazame. Rekodi nyingine zinayo, nyingine hazina. Mwanafunzi mmoja aliponiuliza, "Mwalimu, jina nimeliona, lakini mti wenyewe uko wapi?", niliona kwamba alikuwa ameelewa udhaifu wa huduma hii vizuri kuliko miongozo mingi iliyoandikwa kuihusu. Tangu hapo kanuni yangu ni kuiacha rekodi isiyo na kielelezo ikiwa ipo nyingine yenye nacho, na zikiwa zote hazina, kuilinganisha na za jamaa zake kwa BLAST, ambayo ni mashine ya utafutaji ya hifadhi hiyohiyo. RbcL ya mtopetope inayofanana zaidi na ya mpera kuliko na ya mstafeli haihitaji mjadala.

Upande wa asili ya vielelezo, yafaa msomaji ajue kwamba sehemu kubwa ya kazi za DNA katika familia hii imetegemea miti iliyo hai katika bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, pamoja na makusanyo ya misituni ya Amerika, Afrika na Asia. Kwa maswali ya ngazi ya jenasi hilo halina madhara: stafeli ni stafeli, iwe ya Utrecht au ya Machui. Kwa anayetaka kujua kama mitopetope ya porini ya Pemba inatofautiana na ya bara, GenBank haitamsaidia mpaka kwanza mtu aweke majani ya Pemba ndani yake.

Mfano mzuri wa kazi iliyofanywa kama inavyotakiwa tunao jirani. Mwaka 2009 ilielezwa jenasi mpya kutoka Tanzania, Mwasumbia, iliyopewa jina kwa heshima ya Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waandishi wake hawakuridhika na umbo la ua peke yake. Walisoma DNA ili kujua mti huo unakaa wapi katika ukoo, na wakaitazama chavua yake kwa hadubini. Kielelezo kipo, mfuatano upo, maelezo ya chavua yapo, na vyote vitatu vinahusu mmea mmoja. Laiti rekodi zote zingekuwa hivyo, tathmini hii ingekuwa fupi.

Kwani nusu ya pili ya kazi, yaani sifa za chavua zenyewe, haimo ndani ya GenBank kabisa, na anayedhani kwamba zana hizi nne zinamtosha atakwama hapa. DNA hukupa mti. Haikuambii chembe zilitoka ngapi ngapi. Taarifa hizo zimetawanyika katika maandishi ya nusu karne: kuna kazi kubwa ya James W. Walker ya 1971, aliyejaribu kuipanga familia nzima kwa kufuata chavua. Kuna kazi za Annick Le Thomas, zilizofanywa kwa hadubini za elektroni. Na kuna alizofanya yeye pamoja na James A. Doyle kwa miaka mingi, hadi wakaja kuzisoma chavua hizo juu ya miti iliyojengwa kwa DNA. Hifadhi ya picha ya PalDat, inayoendeshwa kutoka Vienna, ni nzuri na ya bure, lakini imejengwa kwa ajili ya mimea yote ya dunia, na mtu hawezi kutegemea kukuta ndani yake kila jenasi anayoitaka. Kwa hiyo jedwali la sifa hulijenga mwenyewe, mstari kwa mstari, ukiandika moja, nne, au zaidi.

Katika kulijenga jedwali hilo majina hukutega. Mwashoki katika vitabu vya zamani unaitwa Polyalthia longifolia. Mwaka 2012 ulihamishiwa katika jenasi ya Monoon, baada ya DNA kuonesha kwamba Polyalthia ya zamani ilikuwa mkusanyiko wa miti isiyokuwa ya ukoo mmoja. Rollinia nayo, iliyokuwa jenasi inayojitegemea huko Amerika, imeingizwa ndani ya Annona. GenBank hufuata majina mapya. Maelezo ya chavua ya 1971 yamebaki na ya zamani, na hakuna programu yoyote kati ya hizi itakayokuambia kwamba mistari miwili ya jedwali lako ni mti mmoja. Hii ni kazi ya macho na subira. Binafsi huihesabu kuwa ndiyo sehemu inayofundisha mimea kuliko zote, ingawa wanafunzi hawakubaliani nami.

MAFFT haina mengi ya kusemwa. Iliandikwa Japani, imekuwapo tangu 2002, hufanya kazi yake upesi, na kwa rbcL, ambayo urefu wake haubadilikibadiliki, karibu haina pa kukosea. Kwa trnL-F, yenye mapengo mengi, matokeo yake yatazamwe kwa macho kabla ya kuendelea.

IQ-TREE ndiyo iliyonifurahisha kuliko matarajio yangu. Ilitoka rasmi 2015, hufanya kazi bila intaneti mara tu ikishapakuliwa, na yenyewe huchagua modeli ya mabadiliko ya herufi inayoifaa data uliyonayo, jambo ambalo zamani lilihitaji programu nyingine na nusu siku ya kusoma. Kwa spishi 60 na jeni tatu, kompyuta ya kawaida huimaliza kazi kabla chai haijapoa. Ila sifa ninayoithamini zaidi ni kwamba huandika mahali ilipofikia kadiri inavyokwenda. Umeme ukikatika katikati ya kazi kubwa na betri ikawa imechoka, ukirudia amri ileile inaendelea pale iliposimama badala ya kuanza upya. Sijui kama walioiandika Vienna na Canberra walimfikiria mtu wa kisiwani, lakini wamemfaa.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni namba za uungaji mkono zinazowekwa juu ya matawi, zinazoonesha data inalithibitisha kila tawi kwa kiasi gani. Njia ya haraka ya IQ-TREE haisomwi kwa kipimo cha njia ya zamani: kwa mazoea tawi lenye 70 lilikwisha kuonekana la kuaminika, ilhali mwongozo wa programu hii unataka mtu asubiri lifike 95. Nimesoma ripoti za wanafunzi ambazo hitimisho lake zima lilisimama juu ya tawi la 78. La pili linatokana na familia yenyewe. Ndani ya Annonoideae jeni za kloroplasti zimebadilika kwa kasi kubwa zaidi kuliko ndani ya Malmeoideae, kiasi kwamba kabla ya kupewa majina rasmi makundi hayo mawili yalikuwa yakiitwa la matawi marefu na la matawi mafupi. Matokeo yake ni kwamba kwa herufi zilezile utapata picha iliyo wazi upande wa mstafeli, na picha yenye ukungu upande wa mwashoki. Hilo si kosa la programu, wala kuongeza spishi hakulitibu. Linatibiwa kwa kuongeza jeni.

Sasa phytools, ambayo ndiyo inayoligusa swali la chavua moja kwa moja. Iliandikwa na Liam Revell, ikatangazwa 2012, na hufanya kazi ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, kwa hiyo asiyewahi kuandika amri katika R ajiandae kupata taabu ya mwanzo. Unaipa mti na jedwali. Nayo, kwa mojawapo ya njia zake, huchora historia nyingi zinazowezekana za mabadiliko kutoka moja kwenda nne na kurudi, kisha hukuonesha katika kila kifundo cha mti ni sehemu gani ya historia hizo iliyokuwa na chembe moja na ipi ilikuwa na nne. Kwa Annonaceae matokeo yaliyo thabiti yanakubaliana na ya akina Doyle na Le Thomas: mzizi wa familia ulikuwa na chembe moja moja, kama zilivyo za Anaxagorea na langilangi leo, na tabia ya nne nne haikuzuka mara moja tu. Ushahidi ulio rahisi kuuelewa ni jenasi ya Pseuduvaria ya Asia. Yenyewe imo ndani ya Malmeoideae, imezungukwa na jamaa wa moja moja, na bado hutoa nne nne kama Annona iliyo mbali nayo kabisa. Anayeutazama mti huo kwa rangi mbili, moja kwa kila tabia, haelezwi tena maana ya mageuko yanayojirudia, anayaona. Katika kufundisha, sijapata kifaa kilichonisaidia zaidi ya hiki.

Hata hivyo phytools ni mtiifu kupita kiasi, na hili ni onyo wala si sifa. Ukiiambia kwamba kasi ya kutoka moja kwenda nne ni sawa na ya kurudi, itakupa hesabu moja; ukiiruhusu kasi zitofautiane, idadi ya mara ambazo nne nne ilizuka na mara ambazo ilipotea hubadilika, na picha zote mbili zitatoka nzuri kwa kiwango kilekile. Uteuzi wa spishi nao hubadilisha jibu: aliyejaza jedwali kwa Annona nyingi kwa sababu tu rekodi zake ni rahisi kupatikana ameipigia kura nne nne bila kujua. Mzizi wa mti unahimili vitendo hivyo vizuri. Vifundo vya katikati havihimili. Kwa hiyo nashauri kila anayechapisha mchoro wa aina hii aeleze modeli aliyoitumia na aoneshe walau modeli moja nyingine.

Upo pia upungufu ambao hauhusu programu yoyote, nao umenichekesha kidogo. Katika mimea mingi yenye maua kloroplasti hurithiwa kutoka kwa mama. Chavua ni mjumbe wa baba. Maana yake ni kwamba mti uliojengwa kwa rbcL, matK na trnL-F husimulia ukoo wa kuukeni, kisha sisi tunautumia kuamua historia ya chombo cha kuumeni. Kwa matawi ya kale ya familia tofauti hiyo huenda isidhuru. Kwa spishi za karibu zinazoweza kuchanganya damu, inaweza kupotosha. Dawa ni jeni za kiini cha seli, na hali inaboreka: tangu 2019 upo utaratibu uliotengenezwa mahususi kwa Annonaceae wa kunasa mamia ya vipande vya jeni hizo kwa mpigo, na jenomu nzima ya mstafeli, yenye jozi 7 za kromosomu, ilitolewa 2021. Data za namna hii, lakini, si za kilobaiti tena, na hapo ile sifa niliyoitoa kuhusu bando inakoma.

Swali la kwa nini halijibiwi na zana hizi, na asiyelielewa hilo mapema atavunjika moyo. Zinajibu mara ngapi na katika tawi gani. Kwa sababu yenyewe ni lazima kurudi kwenye ua. Watafiti wa Uhispania walioifuatilia Annona cherimola, jamaa wa karibu wa mstafeli, hatua kwa hatua, walieleza 2009 kwamba chembe nne zinazotokana na seli mama moja huendelea kushikana kwa kuwa ukuta wa seli hiyo huchelewa kuyeyuka. Kumbe si lazima kizuke kitu kipya, yatosha kitu cha zamani kikawie kuondoka. Maelezo hayo yanaufanya mti wa phytools ueleweke, kwani jambo la kukawia kidogo linaweza kutokea zaidi ya mara moja katika koo tofauti. Upande wa faida, maua haya yana ovari nyingi na hutembelewa na mbawakawa, tena si kwa wingi. Mdudu anayebeba nne kwa safari moja ameokoa safari tatu. Ni dhana inayoingia akilini, na inaweza kujaribiwa katika shamba lolote lenye mistafeli.

Kwa hukumu: GenBank na IQ-TREE nazipendekeza bila kusita kwa walimu wa vyuo, wanafunzi wa shahada ya pili na hata darasa la juu la sekondari lenye mwalimu aliye tayari kukesha. MAFFT nayo naipendekeza pamoja nazo. Kwa phytools naweka sharti kwamba mtu awe ameshaijua R, au awe na mwenzake anayeijua, la sivyo muda wote utaishia kwenye makosa ya mabano na alama za mkato. Kwa skuli isiyo na hadubini, pesa yoyote iliyopo itangulie huko kabla ya kompyuta: inayokuza mara 400 inatosha kuonesha kama chembe ni moja au ni nne, chavua ya mstafeli, langilangi na mwashoki haihitaji kuagizwa kutoka popote, na mistari mitatu ya mwanzo ya jedwali itakuwa imeandikwa na wanafunzi wenyewe, kila mmoja ukiwa na tawi lake lililokaushwa na kuwekewa namba.